Mshambuliaji wa Daraja la Sita

Kwa misimu mitatu mizima Warundi wa Mount Druitt, kitongoji cha Sydney, walimtafuta Kubwimana kwenye benchi. Walikutana kwa Mzee Lazare kila Jumapili baada ya ibada, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na chaneli ya michezo ya kulipia, wakakaa na sahani za wali na maharage mapajani, wakatazama marudio ya mechi za Uingereza. Mpira wenyewe hawakuutazama sana. Walisubiri kamera ipite kwenye benchi ya wachezaji wa akiba, pale wanapokaa vijana waliojifunika makoti hadi masikioni. "Yule pale! Mwenye kofia!" mtu angepiga kelele, na nusu ya sebule ingesimama. Wiki hii kijana yuko kwenye timu nyekundu, wiki ijayo yuko kwenye timu ya bluu, na hakuna aliyeona ajabu.

Msiwacheke bure. Wengi wao walikulia kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, ambako Uingereza ilikuwa kitu cha kwenda kukitazama kwenye banda la video, kwa kiingilio. Mpira wa Uingereza ulikuwa ule wa kwenye kioo, basi. Nani angewaambia kwamba chini yake kuna daraja la pili, la tatu, mpaka la sita na kuendelea, na kwamba huko chini nako watu wanavunjana miguu kila Jumamosi kwenye matope? Kwa hiyo Vénérand, baba yake Kubwimana, aliposema kwamba mwanawe anacheza mpira Uingereza, alisema kweli tupu. Kosa lake ni kwamba alipoona watu wanainuka kwenye makochi kumshangilia mtoto wa wenyewe, hakuwarekebisha. Naye aliinamia televisheni, akakunja uso, akasema, "Mh. Huenda ndiye."

Sasa Kubwimana alikuwa amerudi. Klabu yake, Marlbeck Town, haikumpa mkataba mpya baada ya goti lake la kulia kufanyiwa upasuaji, na mwezi Mei mwaka 2017 alishuka uwanja wa ndege wa Sydney na begi moja, akichechemea. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alirudi kwenye chumba chake cha zamani, ambacho sasa kilikuwa na cherehani ya mama yake na vitabu vya uuguzi vya dada yake Lyse, akaanza kutafuta kazi.

Wakala wa ajira kule Blacktown alikuwa binti mchangamfu mwenye kucha ndefu. Alimuuliza alikuwa akifanya nini miaka ile mitatu. Kubwimana akamwambia alikuwa mchezaji wa mpira, mshambuliaji, Uingereza.

"Oh, wow," binti alisema. "Would I have heard of you?"

Akalitafuta jina lake kwenye kompyuta. Akatafuta tena kwa tahajia nyingine. Uso wake ukaingiwa na huruma, ile huruma ya mtu anayekuona umevaa shati kinyume.

"Tell you what," alisema. "Why don't we just put it down as travel?"

"I wasn't travelling," Kubwimana alisema. "I was working."

Binti akatabasamu, akaandika hivyo hivyo alivyotaka: matembezi. Kubwimana alirudi kwa treni hadi Mount Druitt amekunja ngumi ndani ya mfuko wa koti.

Alipofika nyumbani alimkuta Mzee Lazare sebuleni.

Lazare alikuwa mwenyekiti wa chama cha Warundi, mtu mnene, mwenye sauti ya kuendeshea harusi hata anapoomba chumvi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Vénérand, na Vénérand alikuwa amekaa kwenye stuli. Juu ya zulia walikuwa wametandaza bango refu, wakaligandamiza pembeni kwa viatu. Lilikuwa na uwanja mkubwa uliojaa taa, na mbele yake mwanamume mwenye misuli ya paja kama magogo. Kichwa kilikuwa cha Kubwimana.

Lyse alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "That's not even his body," alisema.

"Lyse, sema lugha ya watu," Lazare alisema.

"Nimesema huo mwili si wake, Mzee."

"Mwili ni jambo dogo. Someni maneno."

Maneno yalikuwa makubwa na ya dhahabu: KUBWIMANA, NYOTA WA LIGI KUU YA UINGEREZA. Chini yake ilitangazwa shule ya mpira kwa watoto wa jamii, usajili ukumbini siku ya sherehe ya Uhuru, tarehe mosi Julai. Lazare alieleza kwa kituo. Bwana Cirhuza, yule Mkongo mwenye duka la vyakula Auburn, atakodi uwanja, atanunua mipira na jezi, atamlipa mwalimu mshahara. Wazazi watachangia ada. Mwalimu ni Kubwimana. Simu zilikuwa zinalia tangu asubuhi, hata Wakenya wa Quakers Hill walikuwa wanauliza.

Kufundisha ndicho kitu pekee Kubwimana alichokifikiria safari nzima ya kurudi. Alichuchumaa, goti likauma, akasoma tena ile dhahabu.

"Mzee, nashukuru. Nashukuru sana. Lakini mimi sikucheza Ligi Kuu."

Lazare akacheka. "Unyenyekevu! Vénérand, umelea."

"Si unyenyekevu. Nilicheza daraja la sita."

"Hilo la sita liko Uingereza?"

"Ndiyo."

"Si Tanzania? Si hapa Blacktown?"

"Liko Uingereza, Mzee."

"Basi unanisumbua kwa nini?" Lazare aliinuka, akavaa viatu vyake, na bango likajikunja lenyewe. "Sikiliza, kijana. Siku ya Uhuru baba yako atasimama akutambulishe kama ilivyo desturi. Wewe utakaa kimya. Neno ni la baba."

Desturi yenyewe waliitoa nyumbani, wakaivusha kambini, wakaifikisha Mount Druitt bila mkunjo. Mtoto akirudi kutoka mbali, baba husimama mbele ya watu na kumtambulisha: huyu ni nani, alikwenda wapi, amerudi na nini. Baba akiwa amesimama hakuna anayefungua mdomo, na mtoto mwenyewe ndiye wa mwisho kuthubutu. Anayekata neno hutozwa faini ya kreti ya bia papo hapo, na baba huketi bila kumaliza, aibu ikabaki kwa aliyemkata. Kwa kuwa wengi walikuwa wameokoka, bia iligeuzwa Fanta, na kwa kuwa Australia Fanta huuzwa kwenye katoni, kreti ilibaki jina tu. Lakini aibu haikugeuzwa chochote, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa amethubutu.

Lazare alipokwisha kuondoka, baba na mwana walibaki wakitazama zulia.

"Ni siku moja tu," Vénérand alisema. "Sikuombi useme uongo. Nakuomba ukae."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema kinachosemwa."

"Baba, watu watatoa hela zao kwa sababu ya lile bango."

"Watatoa watoto wafundishwe mpira. Wewe hujui mpira?"

"Najua."

"Basi."

"Kama najua, kwa nini tuwadanganye?"

Vénérand alirudi kwenye kiti chake, akaketi kwa uzito. Alikuwa dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala la nyama, na baridi ya mle ndani ilikuwa imempa kikohozi kisichokwisha.

"Unajua ghalani wananiita nani?" alisema. "Vinnie. Jina langu limewashinda, na hakuna aliyejaribu mara ya pili. Kuna kijana umri wa Lyse, ndiye msimamizi wangu, ananipigia miluzi. Anataka mzigo usogezwe, anapiga mluzi, Vinnie anasogeza. Sawa. Hiyo ni kazi. Lakini Jumapili nikiingia kwa Lazare watu wananipisha. Wanasema, baba Kubwimana amefika, mleteeni chakula. Mimi sina kitu kingine katika nchi hii, mwanangu. Hilo nalo unataka kuniondolea?"

Kubwimana alimwonea baba yake uchungu, akataka kukubali. Kisha akamkumbuka yule binti wa Blacktown na kucha zake, na hasira ikampanda upya.

"Asubuhi nilikuwa napakia viazi kiwandani," alisema. "Jioni mazoezi. Jumamosi tunapanda basi nusu siku, tunacheza mbele ya watu wa kujaa kanisa moja na mbwa wao. Mvua inanyesha na wao wamesimama, baba. Walilijua jina langu. Walilitamka vibaya lakini walilitamka, wote kwa pamoja, kwa sauti. Leo kuna mtu ameandika kwamba nilikuwa matembezini. Na wewe unataka kusema nilikuwa mtu mwingine. Ni kitu kimoja hicho. Wote wawili mnasema nilikokuwa si kitu."

"Sijasema hivyo."

"Ukisema Ligi Kuu, nitasimama."

"Huwezi kusimama nami nimesimama."

"Nitasimama."

Fébronie, mama yake, alikuwa amekwisha kuingia muda mrefu. Alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya wazee, bado yuko ndani ya sare yake ya zambarau, na alikuwa amesikia ya kutosha kutokea barazani. Alivua viatu, akasugua nyayo.

"Vénérand," alisema. "Mtoto akipiga simu, wewe ulikuwa unamuuliza nini?"

"Nilikuwa namuuliza hali yake."

"Ulikuwa unamuuliza tutamwona lini kwenye TV. Kila simu. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia. Hujamuuliza hata mara moja jana alicheza vipi." Akabeba viatu vyake. "Chakula kimeliwa au mlikuwa mnakula bango?"

Kwa wiki nzima iliyofuata baba na mwana walipishana kwenye korido kama wapangaji.

*

Tarehe mosi Julai iliangukia Jumamosi, baridi kavu, jua jeupe. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na ngoma, watoto waliovaa rangi za bendera, masufuria ya ndizi na nyama, na meza ya usajili karibu na mlango ambapo Cirhuza mwenyewe aliketi na koti lake la ngozi, akipokea ada. Nyuma ya jukwaa lilining'inia bango. Lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana sebuleni, na yale mapaja yalikuwa yanatisha.

Rispah alikuwa amekuja pia. Huyu alikuwa Mkenya wa Quakers Hill, nesi aliyefanya kazi pamoja na Fébronie, na alimleta binti yake Apondi, mtoto wa miaka kumi mwenye magoti yaliyochubuka. "Mama Lyse, hii queue ni ya nini, ama ni ya chakula?" aliuliza, kisha akajiunga nayo alipoambiwa.

Kubwimana aliwekwa mstari wa mbele kwenye kiti chenye kitambaa. Watu walimpa mkono, walimgusa bega. Mwanamke mmoja alimwambia alimwona kwenye benchi Desemba, na kwamba ile kofia ilimkaa vizuri. Kubwimana alifungua mdomo, lakini mwanamke alikuwa amekwisha kugeuka kumwita mumewe.

Lazare akagonga kipaza sauti. Neno likatolewa. Vénérand akasimama.

Alivaa suti yake ya kijivu, ya harusi na misiba. Alisalimu wazee, akasalimu akina mama, akakohoa. Alisema kwamba mtoto huyu alizaliwa kambini, chini ya turubai, mvua ikinyesha, na kwamba mpira wake wa kwanza ulikuwa wa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba. Wazee wakaitikia kwa kichwa, maana wote waliujua mpira ule. Alisema walifika nchi hii mtoto akiwa bado mdogo, hajui Kiingereza, na kwamba shuleni mpira ndio uliomsemea. Alikuwa anazungumza vizuri, Vénérand, kuliko alivyowahi kuzungumza, na Fébronie alishika mkono wa Lyse.

"Kisha akaenda Uingereza," Vénérand alisema. "Akacheza..."

Alimtazama mwanawe. Kubwimana alimtazama pia, bila kupepesa.

"Ligi Kuu!" Lazare alimsaidia kutoka kwenye kipaza sauti kingine.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Vijana walipiga miluzi. Vénérand alisubiri makofi yapungue, akasema kwa sauti ndogo iliyosikika vizuri mno kwenye spika zile, "Ndiyo. Ligi Kuu."

Kubwimana akasimama.

Wa mbele walioona walifikiri anasimama kushukuru, wakaongeza makofi. Aliinua mkono. "Samahani, wazee," alisema. "Samahani, baba." Makofi yakakatika vipande vipande, na mtu akasema "Ee Yesu," kwa hofu ya kweli.

"Sikucheza Ligi Kuu hata dakika moja. Nilicheza Marlbeck Town, daraja la sita. Yule mliyemwona kwenye benchi si mimi, mwenye kofia si mimi, na mapaja yale pale nyuma si yangu. Mimi ni mshambuliaji wa daraja la sita, na sioni haya. Anayetaka mtoto wake afundishwe na nyota, aende pale mezani arudishiwe hela zake sasa hivi. Anayetaka afundishwe mpira, mimi nipo."

Hakuketi. Wote wakaanza kusema kwa mkupuo.

"Sasa yule mwenye kofia alikuwa nani?" yule mwanamke aliuliza kwa uchungu, kana kwamba ameporwa jamaa.

Cirhuza alikuwa amekwisha kusimama. "Mais, Mzee Lazare, munanichekea? Miye nimelipa ile bango! Daraja ya sita? Daraja ya sita hata miye naweza cheza, na hii tumbo yangu!" Akajipiga tumbo, na ukumbi ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu waliofedheheka wanaotafuta wa kumpa fedheha yao, na kilimwangukia Kubwimana chote. Alibaki wima.

Lazare aligonga kipaza sauti kwa nguvu. "Kimya! Kimya! Kijana amekata neno la baba yake. Mbele ya wageni! Kreti moja ya Fanta, papo hapo. Na Mzee Vénérand, pole sana, tunakuomba uketi."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kutokea, na kila mtu aliiona. Vénérand angeketi, aibu ingebaki kwa mtoto, yeye angekuwa mzee aliyekosewa adabu. Jumapili wangempisha tena, wangemletea sahani, wangempa pole. Alikitazama kiti. Lyse alisema baadaye kwamba baba aliinama kabisa, hata mkono wake ukagusa mgongo wa kiti.

"Nani amesema nimemaliza?" Vénérand aliuliza.

"Desturi inasema..."

"Desturi naijua, Lazare, nilikuwa nayo kambini kabla hujafika. Neno bado ni langu. Andika kreti mbili."

"Mbili za nini?"

"Moja ya mtoto, ya kukata neno. Ya pili yangu mimi, ya kusema uongo humu ndani. Zote nitalipa. Sasa nyamazeni, maana anayenikata tena atalipa yake."

Lazare alishusha kipaza sauti chake.

"Bwana Cirhuza," Vénérand alisema, "umesema hata wewe unaweza. Vizuri. Ulipokuwa kijana, nani alikulipa ucheze mpira?"

Cirhuza akatazama huku na huku. "Miye?"

"Wewe. Au mtu yeyote humu. Aliyewahi kulipwa siku moja katika maisha yake kwa kuugusa mpira, anyooshe mkono nimwone."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Mtoto mmoja alijaribu, mama yake akaushusha.

"Huyu alilipwa. Hela kidogo, lakini alilipwa, kwao huko huko wenye mpira wao, na wakamwambia rudi tena Jumamosi. Misimu mitatu walimwambia arudi. Sisi hapa ukisogeza masanduku vizuri wanakupigia mluzi. Yeye waliliita jina lake." Kikohozi kikamshika, akakisubiri kipite. "Na mimi baba yake, kila Jumapili nilikaa na nyinyi kumtafuta kwenye benchi. Kwenye benchi, jamani! Mtoto yuko uwanjani anacheza, sisi tunamtafuta miongoni mwa waliokaa. Huo ndio ujinga wangu na sitaki mtu anisaidie kuubeba. Lakini yeye msimcheke. Huyu anaitwa Kubwimana. Alicheza Marlbeck, daraja la sita, mshambuliaji. Nimemtambulisha. Sasa naketi."

Akaketi. Fébronie akapiga vigelegele. Alipiga peke yake, akiwa bado amekaa, na hakuna mwanamke aliyempokea, lakini hakuacha mpaka pumzi zilipomwishia.

Chakula kililiwa hata hivyo, kwa sababu kilikuwa kimepikwa. Foleni kwenye meza ya Cirhuza iligeuka, wazazi wakarudishiwa ada zao huku wakitazama dari. Cirhuza mwenyewe alipanda kwenye kiti akalishusha bango, akaondoka nalo bila kuaga. Alipopita karibu na Kubwimana alisema kwamba uwanja asiutegemee, na mipira pia, na mshahara ndiyo kabisa. Mzee Lazare alipokea kreti mbili za Fanta, akazigawa meza hadi meza. Meza ya akina Vénérand aliiruka.

*

Jumamosi iliyofuata Kubwimana alikwenda kwenye uwanja wa wazi nyuma ya shule, ambao haukodiwi na mtu, akapanga chupa za maji badala ya koni. Alikuwa na mipira miwili, mmoja wa kununua na mmoja wa kuazima. Hakujua kama atakuja mtu. Alijiambia kwamba asipokuja mtu atapiga danadana mpaka saa sita, kisha arudi nyumbani, na wiki ijayo aje tena.

Wa kwanza kufika alikuwa Rispah, na gari lake lenye mlango uliobonyea.

"Sixth, seventh, mimi hiyo sijali," alisema kabla hajashuka. "Huyu Apondi maboys wa shule wanamsukuma vibaya sana akiwa na mpira, aki. Kila siku nasugua matope kwa uniform. Mfunze asianguke. Hiyo tu ndiyo nataka."

Baadaye wakaja wengine wachache, kwa miguu, wakiwa wametumwa na mama zao bila baba zao kujua. Hata mjukuu wa Lazare alikuja, akajificha nyuma ya wenzake.

Mmoja alimuuliza, kwa Kiingereza cha shule, kama aliwahi kucheza dhidi ya mtu yeyote maarufu. "No one you'd know," Kubwimana alimjibu. "They kicked just as hard." Kisha akawapanga wawili wawili na kuanza kuwaonyesha kazi. Mshambuliaji wa kule chini, aliwaambia, kazi yake ya kwanza si kufunga. Mpira unatoka nyuma, unakuja juu, na wewe umeligeuzia lango mgongo. Beki yuko nyuma yako, mzito kuliko wewe, anakusukuma, anakukanyaga kisigino, anakutukania mama. Wewe unautuliza mpira na unabaki umesimama mpaka wenzako wafike. Ukibaki umesimama, timu nzima inapanda. Akaanza kuwasukuma mmoja mmoja. Apondi alianguka, akaamka, akaanguka, akaamka akiwa amekasirika, na mara ya tatu hakuanguka.

Vénérand alikuja kutoka zamu ya usiku, kwa treni na kwa miguu, bado ana buti za ghalani na koti lenye mistari ya kung'aa. Alisimama kwenye mstari wa pembeni muda mrefu, mikono nyuma. Hakuna aliyempisha wala kumletea chochote. Mwishowe akavuka mstari, akaja hadi katikati ya watoto.

"Nisukume mimi," alisema.

"Baba, acha."

"Nisukume, nione."

Akampa mwanawe mgongo, akapinda magoti kama alivyowaona watoto wakifanya. Watoto wakaacha mipira yao. Kubwimana alimwekea bega polepole, kwa adabu, na Vénérand hata hakutikisika. Aligeuza kichwa.

"Ndivyo walivyokusukuma huko Marlbeck? Kwa adabu?"

Basi Kubwimana akamsukuma. Alimsukuma kwa bega na nyonga, kama mabeki wa daraja la sita walivyomsukuma yeye. Mzee alitupwa mbele hatua mbili, buti likachimba nyasi, mkono ukatapatapa hewani, lakini hakuanguka. Alibaki ameinama, akihema, akikohoa. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta wala hakugeuka kuyaficha.

"Kila wiki?" aliuliza.

"Kila wiki, baba."

"Na mpira unabaki nao?"

"Mara nyingi."

Vénérand alitikisa kichwa. Kisha akageuka, akampa tena mgongo, akapanua miguu zaidi.

"Apondi, nirushie huo mpira," alisema. "Na wewe, nisukume tena."